Jamvi la Mshtaki

Hapo zamani, katika mji wa Pongwani, palikuwa na Sultani aitwaye Shekuwe, mwenye huruma isiyo kifani: alikuwa akihukumu kabla ya kusikiliza, ili watu wasichelewe kurudi mashambani.

Mjini humo aliishi Bwanaheri, fukara wa kanzu moja. Ikifuliwa, naye hatoki ndani. Basi asubuhi moja jogoo wa Sultani hakuwika. Akatafutwa, hakuonekana. Mchana wake Bwanaheri akacheua sokoni. Loo! Fukara kucheua? Askari wakamkamata palepale, wakamburura hadi barazani.

"We mwizi," Sultani akanguruma kitini, "kiri upesi. Mkono huo unakatwa kabla sijala."

Bwanaheri akautazama mkono wake wa kuume, ule unaolisha wanawe. Ulimi ukamwasha aseme, "Nilikula boga tu!" Lakini marehemu mamake alizoea kumwambia: mwanangu, ajiteteaye kabla ya kujua kosa hujifunga kamba mwenyewe. Akalimeza neno.

"Maulana, uishi daima. Nashtakiwa kwa lipi?"

"Kwa kumla jogoo wangu!"

"Nani anishtakiye?"

"Mimi!"

"Nani aliyeniona nikimla?"

"Mji mzima umekusikia ukicheua! Wataka shahidi gani tena, we mla vya watu?"

"Ahsante, maulana. Basi karibu jamvini."

Watu wote wakamgeukia Sultani. Maana ada ya mji ilikuwa hii: mshtaki na mshtakiwa hukaa jamvi moja, na mshtaki akiinuka kabla ya hukumu, shtaka limekufa, na hukumu haitoki ila kitini. Ada hiyohiyo ndiyo iliyompa Shekuwe kiti. Akiivunja, na kiti si chake. Akawatazama wazee wa baraza. Wazee wakatazama dari, kwa heshima.

Akashuka, akaketi.

"Sasa nakuhukumu..."

"Kiti kitupu, maulana," mzee mmoja akakohoa.

"Basi narudi kitini!"

"Ukiinuka, bwana wangu, hapana shtaka," Bwanaheri akasema kwa upole. "Ila mimi sina haraka. Jamvi hili lashinda la kwangu."

Ikawa alasiri. Kunguni wa jamvini, wasiojua cheo cha mtu, wakamla Sultani kwa adabu zote. Akaletewa sinia palepale, akala kwa hasira, akamaliza, akacheua. Baraza zima likasikia.

"Maulana, mimi nimecheua, nikawa mwizi. Wewe umekula nini?"

"Kuku!"

"Kuku wa nani?"

Mpishi, aliyekuja kuondoa sinia, akaanguka kifudifudi. "Nisamehe, maulana! Jana jioni uliagiza kuku mnono, na sokoni nilikosa. Nikamchinja jogoo wako. Hicho ulichokula ni kiporo chake."

Sultani akajikuna. "Shtaka nalifuta," akanong'ona, akaanza kuinuka.

"Tafadhali, maulana, keti kidogo," akasema Bwanaheri. "Na mimi nataka kushtaki."

"Umshtaki nani?"

"Aliyemla jogoo wa Sultani."

Watu wakaangua kicheko, hata wazee wa dari. Naye Sultani, kwa kukosa pa kujificha, akacheka kuliko wote, akamvisha Bwanaheri joho lake, akaagiza apewe mbuzi wa maziwa, mradi tu anyamaze.

Tangu siku ile, akiletewa mtu na kuambiwa ni mwizi, Shekuwe huuliza kwanza, "Nani amemwona?", huku akijikuna.

Hekaya yangu imekomea jamvini; asiye na shtaka na ainuke.