Nyuma Inalegea

Haya, anayetafuna amalize, anayechezea simu aifunike. Nina kesi hapa, na kesi yenyewe imenishinda, ndiyo maana naileta kwenu. Mkiiamua mtakuwa mmenitua mzigo. Mkishindwa, basi angalau tutakuwa wengi.

Walikuwa watu watatu na gari moja. Gari lilikuwa dogo, kuukuu, la milango miwili, wakaliita Nyenje, yule mdudu mpiga kelele, kwa jinsi lilivyolia.

Wa kwanza ni Fundi Shafii, au Baba Hidaya, mwenye gereji pale Mwanga. Kipawa chake kilikuwa gotini. Msicheke, nasema kweli. Mpe springi yoyote ya gari, ataisimamisha chini, ataikandamiza kwa goti, kisha atakwambia hii ni ngumu kuliko ile, na hakosei. Shule aliishia darasa la saba, lakini springi alizisoma kwa goti miaka thelathini.

Wa pili ni Anaeli, dada mmoja mwalimu wa fizikia. Kipawa chake kilikuwa kwenye daftari. Ndiye aliyewaambia wenzake kwamba ugumu wa springi una namba yake: unaweka mzigo juu, unapima imeshuka sentimita ngapi. Alizipima kwa magunia ya mahindi na rula ya darasani, kisha zile nzuri akazipaka rangi. Nyeupe ni laini, njano ni ya wastani, nyekundu ni ngumu. Fundi alicheka siku nzima kwa kuona gereji yake imegeuka ghala la mahindi, ila rangi zile alizipenda.

Wa tatu ni Aikande, wifi yake Anaeli, maana ameolewa na kaka yake. Huyu ndiye dereva. Yeye mwili wake ulijua gari linataka kufanya nini kabla akili haijajua. Na tena alikuwa mwoga. Kila alipofunga mkanda aliogopa, tangu siku ya kwanza, na hakumwambia mtu. Angesema vipi? Nani angemwachia usukani mtu anayeogopa?

Sasa sikilizeni shindano lilivyokuwa. Kule upande wa Same kulikuwa na kiwanja cha ndege ndogo cha shamba la mkonge lililokufa zamani. Jumamosi moja watu walikuja na magari yao, kila gari likaingia peke yake kukimbizana na saa. Mizunguko mitatu, na ule wa kasi zaidi ndio unaohesabiwa. Mshindi wa magari madogo angepewa nafasi moja ya kwenda Afrika Kusini miezi mitatu, kujifunza kwenye karakana ya magari ya mbio. Nafasi moja, jina moja.

Miezi minne walijiandaa, na siku moja tu Anaeli aliuliza, "Tukishinda, nani anakwenda?"

"Tushinde kwanza," Fundi alimjibu, na wote watatu wakarudi kazini. Hilo lilikuwa kosa lao la kwanza, mliweke akilini.

Hofu ya Aikande ilikuwa na mahali pake siku ile. Mwisho wa kiwanja njia ilikata kushoto, na upande wa nje wa kona kulikuwa na tangi la zege la zamani, refu kuliko mtu, nene kama ukuta wa boma. Tena kabla tu ya kukata kona, zege la chini lilikuwa limeinuka, likafanya kituta. Gari linarushwa kidogo, linatua, na papo hapo unatakiwa kukata. Ukikosea, tangi hilo hapo.

Mzunguko wa kwanza Nyenje alikuwa na springi za njano nyuma. Aikande alipita kituta, akakata kona, akasikia makalio ya gari yanataka kutangulia mbele. Alipunguza mwendo, akarudi taratibu, saa ikasoma mbovu. Fundi akainama dirishani.

"Vipi, mwanangu?"

"Nyuma inalegea."

Maneno mawili tu. Kinywa kilikuwa kikavu, asingeweza la tatu.

Ngoja niwaulize kidogo. Yeye alitaka kusema nini? Kwamba tairi za nyuma zinaachia barabara, gari linamponyoka. Na Fundi alisikia nini? Alisikia kwamba springi ni laini. Na fundi akiambiwa kitu kimelegea anafanya nini? Anakaza. Akapandisha jeki, akatoa za njano, akafunga nyekundu. Nyie mngefanya hivyohivyo.

Anaeli alikuwa amesimama nyuma yake na daftari kifuani. Humo ndani, tangu jana yake, alikuwa ameandika kwamba gari hili nyuma ni jepesi, na ukizidi kuliwekea springi ngumu huko ndipo litakapozidi kuteleza. Lakini watu walikuwa wamewazunguka, na Fundi ni wa umri wa baba yake. Amkosoe mbele ya kadamnasi, kwa ufundi wake mwenyewe? Akalifunga daftari, akajiambia pengine mzee ana lake analolijua.

Mzunguko wa pili Aikande hakuukumbuka wote. Alikumbuka kituta. Alikumbuka mguu wake kuondoka wenyewe kwenye mafuta, kwa hofu, kama mtu anayekanyaga nyoka. Kisha mlima ukapita mbele ya kioo, ukapita mkonge, ukapita mlima tena, kila kitu kikazunguka, halafu kimya. Vumbi lilipotulia aliona kitu cha kijivu dirishani. Akanyoosha mkono nje, akagusa. Lilikuwa tangi, la moto kwa jua, na mkono wake haukuhitaji kunyooka wote.

Alikaa palepale. Aliwafikiria watoto wake wawili, aliowaacha kwa mama mkwe wanakula uji, na mdogo hakutaka kuagwa. Alitaka kulia, machozi yakagoma.

Walilikokota gari kurudi, naye akiwa ndani. Fundi midomo ilikuwa imempauka. Bwana Mrutu, msimamizi wa shindano, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba zimebaki dakika arobaini kabla ya mzunguko wa mwisho wa magari madogo.

"Yamekwisha," Fundi akasema. "Tunapakia, tunakwenda nyumbani. Mimi sitaki kumzika mtoto wa mtu."

"Nimuulize kwanza," Anaeli akasema, akachuchumaa mlangoni. "Wifi, uliposema inalegea, ulikuwa na maana springi laini?"

"Springi mimi nazijulia wapi? Inateleza. Inaniponyoka."

Fundi akaketi chini juu ya tairi. Akasema, "Basi mimi ndiye niliyekupeleka kwenye tangi."

"Tulikupeleka wawili," Anaeli akasema, na machozi yakamtoka. Akafungua daftari, akawaonyesha ile namba ya jana. "Nilikuwa nayo hapa. Nikaona aibu kukusahihisha, Baba Hidaya."

Wakatazamana. Hapo ndipo Aikande alipotoa lile alilolificha miezi minne.

"Na mimi naogopa," akasema. "Si leo tu. Siku zote. Pale kwenye kituta naogopa, mguu unaondoka kwenye mafuta wenyewe. Nyuma inaanza kuteleza nikishaondoa mguu. Kabla ya hapo haitelezi."

Mngedhani watamlaumu. Anaeli alifuta macho haraka, akashika kalamu. Neno lile ndilo alilokosa kwenye hesabu zake. Ukiondoa mguu ghafla uzito wote unakimbilia mbele, nyuma inabaki haina wa kuikandamiza. Akaandika, akakata, akaandika tena. Nyekundu hapana. Njano bado ni ngumu mno. Nyeupe ni laini mno, kwenye kituta itafika mwisho na kugonga.

"Tunataka iliyo kati ya nyeupe na njano," akasema. "Karibu zaidi na nyeupe. Ila sina niliyoipaka."

"Nina kreti ya zisizo na rangi," Fundi akasema.

"Hatuna mahindi ya kupimia."

"Nina goti."

Akaimwaga kreti chini, springi kumi na moja zenye kutu. Akakandamiza nyeupe, akafumba macho. Akakandamiza njano, akafumba macho. Kisha akaanza zile za kutu moja moja, hii akatupa kulia, hii akatupa kushoto, jasho likimdondoka puani. Ya sita akaiweka kando. Ya tisa akairudia mara tatu, akaiweka pamoja na ya sita. "Hizi ni pacha," akasema, na akaingia chini ya gari. Alizifunga zote mbili, na alipotoka kiwiko kilikuwa kinavuja damu, wala hakuwa na habari.

"Una hakika, Fundi?" Aikande akauliza.

"Goti lina hakika. Mimi naogopa kama wewe."

Anaeli akainamia dirishani, akamfunga wifi yake mkanda kama anavyofungwa mtoto. "Zitashika," akasema. "Lakini namba hizi ni za mtu asiyeondoa mguu. Ukiondoa, sijui. Na usipotaka kwenda, usiende. Nitamwambia kaka nini mimi?"

Aikande aliwasha gari.

Nisiwadanganye kwamba hofu ilimtoka. Ilikaa naye kiti kimoja, ikamshika shingo. Njia nzima ya kiwanja alikuwa akiongea na mguu wake wa kulia kwa sauti, kaa, kaa hapohapo, kaa baba. Kituta kikaja. Nyenje akaruka, akatua, na safari hii alitua kama anayekaa kwenye godoro. Tangi likajaa kioo kizima. Kila kitu ndani ya Aikande kikamwambia aondoe mguu, na hakuuondoa. Nyuma ikasogea kidogo, ikafikiria, ikakaa. Tangi likapita dirishani, likabaki nyuma.

Waliwashinda wa pili kwa nusu sekunde. Aikande alishuka, akatapika kando ya gari, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na wenzake wakamkumbatia hivyohivyo alivyo.

Hapo ndipo Bwana Mrutu alipokuja na karatasi. Ilikuwa na mstari mmoja wa kuandika jina. "Nataka kuondoka nayo sasa hivi," akasema. "Nani anakwenda?"

Fundi akakohoa.

"Nitasema ukweli, maana leo kila mtu amesema wake. Naitaka. Miaka thelathini sijafundishwa na mtu. Bila goti langu, ile namba ingebaki kwenye daftari."

"Na bila namba, goti lisingejua linatafuta nini," Anaeli akasema kwa upole. "Hata mimi naitaka, Baba Hidaya. Siku zote nimefundisha mambo haya ubaoni, sijawahi kuyaona yanakofanyiwa kazi."

Wakamgeukia Aikande. Naye, jamani, alikuwa anaitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Springi zilizokuwa sawa kwa goti na kwa namba bado zilihitaji mtu wa kwenda nazo mbele ya tangi. Tena bila yeye kukiri hofu yake, hesabu isingetoka. Lakini alikumbuka pia kwamba yeye ndiye aliyesema inalegea na kunyamaza, Fundi ndiye aliyekaza bila kuuliza, na Anaeli ndiye aliyejua na kufunga daftari.

"Wewe ndiye dereva," Fundi akasema. "Andika wewe. Utakaloandika tutalikubali."

Bwana Mrutu akampa kalamu. Aikande akaiweka karatasi juu ya boneti la Nyenje, akaishusha kalamu hadi kwenye mstari.

Mimi nimemwacha hapo, kwa sababu sikuweza kumsogeza. Msogezeni nyie. Mstari ni mmoja. Je, ungeandika jina la nani, la goti, la daftari, au la mguu uliokaa? Na kabla hujanijibu haraka, kumbuka mwezi ujao kuna shindano jingine, gari linarudi kwenye kona ile ile, na mtu fulani atakaa ndani yake akiogopa. Ukishaandika, utawaangaliaje usoni wale wawili uliowaacha?