Mbuzi wa Gaudensia

Kabla ya alfajiri, kwato zilikwaruza sakafu ya udongo jikoni. Emiliana aliamka, akatega sikio. Hakuwahi kulala nyumba moja na mbuzi, na kila mlio ulimtia hamu ya kujua.

Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha mifugo huko Gitega, Burundi. Chuo kilikuwa kimeanza kuwapeleka wanafunzi vijijini wakawatumikie wakulima, kisha warudi darasani kueleza walichojifunza. Yeye alipelekwa Giteranyi, mkoani Muyinga, kwa mama Gaudensia. Mama huyo alikuwa amerudi kutoka Tanzania alikokulia, akamkuta jirani, mzee Kasiano, akililima shamba la marehemu baba yake Gaudensia. Kasiano alimwachia nusu bila ugomvi. Gaudensia naye akamwahidi mtoto jike wa kwanza wa mbuzi wake wa pekee. Ahadi hiyo ndiyo iliyoshikilia ujirani wao.

"Emiliana! Njoo, mbuzi anahangaika!" Gaudensia aliita.

Mbuzi alisukuma bila mafanikio. Pua ya mtoto ilionekana, na ukwato mmoja tu. Kasiano, aliyesikia kelele, alifika na taa akihema.

"We mwanafunzi, umeshazalisha mbuzi ngapi?"

"Hata mmoja, mzee. Ila kwenye mtihani nilikuwa wa kwanza."

"Mtihani haupigi teke!"

Emiliana alicheka, akapiga magoti nyuma ya mbuzi. Alijua mguu wa pili umekunjika nyuma. Mchoro wake aliuona kitabuni mara nyingi. Lakini je, vidole vitautambua mguu ambao macho hayauoni? Gaudensia, bila kuombwa, alimpashia maji, akamkata kucha taratibu kama anavyokatwa mtoto mchanga. Kasiano alimshika mbuzi akimbembeleza.

Emiliana alinawa kwa sabuni, akajipaka mafuta, akaingiza mkono. Alingoja mbuzi apumzike, akarudisha kichwa cha mtoto nyuma polepole, akapapasa. Hapa shingo. Hapa bega. Kumbe goti lenyewe ni dogo hivi! Akaufunika ukwato kwa kiganja usimjeruhi mama, akauvuta mbele. Mtoto akateleza nje, akapiga chafya.

Alikuwa dume.

"Pole, mzee," Emiliana alisema kwa unyonge.

"Pole ya nini? Mama yake iko mzima, atazaa tena. Mi niko na subira." Kasiano akavua koti lake, akamfunika mtoto.

Emiliana aliitazama mikono yake kama anayeiona mara ya kwanza. Maswali yalimjaa kichwani, ambayo hakuwahi kufikiria kumwuliza mwalimu.

Siku ya kurudi Gitega, Gaudensia alimsindikiza hadi barabarani.

"Mwanangu, elimu bila amali ni kama nta bila asali. Yako sasa ina asali. Uje kututembelea tena, usitunyime asali hiyo."