Sange na Chama cha Tope

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa nyamazeni, wadogo sogeeni.

Hapo zamani za kale, katika Bonde la Mtitimo, palikuwa na dimbwi moja. Kiangazi kikija, mito hukauka, vijito hukauka, hata umande hukauka. Dimbwi hubaki. Wanyama wote hunywa hapo, mara moja kwa siku, jua linapopanda.

Lakini hawakunywa ovyo. Juu ya jiwe jeupe alisimama Korongo, mwita majina. Babu yake aliita majina, baba yake aliita majina, na yeye aliyaita vilevile alivyoyapokea, bila kuongeza, bila kupunguza. Akiita Tembo, Tembo hunywa. Akiita Kiboko, Kiboko hujitosa, tibwi. Akiita Nyati, Nyati na ukoo wake huingia hadi magotini, chubwi, chubwi, chubwi. Halafu Pundamilia, halafu Nyumbu, halafu Ngiri. Kisha wadogo: Nungunungu, Kobe, Pelele wa majabalini. Na mwisho wa wa mwisho, Sange.

Sange ni mnyama mdogo, mwenye pua ndefu na miguu myembamba. Wapo wanaomwita panya. Wanakosea. Jina lake ni Sange.

Sange alipoitwa, maji yalikuwa yamekwisha kuwa tope. Alifyonza tope, akatema mchanga, akarudi kwake. Mwaka huo alikuwa na watoto wawili wachanga chini ya kichaka, na mama anayekunywa tope hana maziwa. Watoto walinyonya, wakalia. Wakanyonya tena, wakalia tena.

Siku moja Korongo aliita, akaita, akafika kwa Pelele, sauti ikamkauka. Akakohoa. Akakunjua mbawa, akaenda zake. Sange akabaki amesimama ukingoni. Jina lake halikuitwa, na asiyeitwa hanywi. Akarudi bila hata tope.

Nungunungu aliliona jambo hilo. Miba ikamsimama, shaa. Akasema kuwa huo ni uonevu, na kwamba uonevu hauondoki kwa kutazamwa. Kesho yake akapita kwa wadogo wote, shimo kwa shimo, jabali kwa jabali, akiwaeleza habari ya Sange. Alieleza vizuri hata wengine wakatoa machozi. Sange mwenyewe, alipofikiwa, aliambiwa habari yake kwa urefu, akashukuru.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa chama. Siku tatu walitafuta jina, wakalipata: Umoja wa Wanyama Wadogo wa Kutetea Haki, Usawa na Maendeleo ya Kunywa katika Bonde la Mtitimo. Hilo ndilo jina kamili, halikatwi. Nyati alipolisikia akauliza kama nalo linahitaji zamu ya kunywa. Tangu siku hiyo wakubwa wakakiita Chama cha Tope.

Chama kilifanya kazi, asiseme mtu hakikufanya. Kilitunga wimbo. Kilichagua Mwenyekiti, naye ni Nungunungu. Kilikutana kila asubuhi kwenye kichuguu, kabla ya saa ya kunywa. Na kwa kuwa Nungunungu alichukia fujo, aliweka utaratibu: kila mwanachama atasema, kwa zamu, hakuna atakayemkatiza mwenzake. Zamu ikaanza kwa Nungunungu mwenyewe, ikaja kwa Kobe, ikaja kwa Pelele, ikaja kwa wengine. Ya mwisho ilikuwa ya Sange.

Asubuhi ya kwanza Nungunungu alisema. Kobe akasema, polepole, maana Kobe hata neno hulitoa kama anavyotoa kichwa. Pelele akasema, kwa ukali. Mara ikasikika sauti ya Korongo kutoka jiweni, na kikao kikafungwa. Sange akafumba mdomo aliokuwa ameufumbua.

Asubuhi ya pili, vilevile.

Asubuhi ya tatu, vilevile.

Na Sange alikuwa na neno. Yeye ndiye aliyezoea kubaki na Korongo, wenzake wakishaondoka, na siku moja alimwuliza kwa adabu nani alipanga majina yale. Korongo akawaza, akajikuna shingo. Akasema hajui. Aliyapokea hivyo. Akaongeza kuwa Tembo akitikisa kichwa kukubali, yeye yuko tayari kuita hata akianzia kwa chura. Ila hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Hilo ndilo neno Sange alilobeba kikaoni kila asubuhi, na kila asubuhi alirudi nalo.

Siku ya nne chama kiliamua kuandamana hadi dimbwini. Wakakubaliana kuwa hakuna mnyonge atakayeachwa nyuma, na kwamba wote watakwenda kwa mwendo wa mwanachama aliye mzito wa miguu kuliko wote. Basi Kobe akatangulia. Wakaimba wimbo wote, wakauimba tena, wakauimba mara arubaini. Walipofika dimbwini, Korongo amekwisha kuondoka, na juu ya tope palikuwa na nyayo tu.

Kobe akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema, "La muhimu tumefika pamoja."

Wakalala na kiu, pamoja.

Siku ya tano wakapeleka ujumbe kwa Tembo. Tembo aliwapokea kwa heshima, akawakaribisha kivulini, akauliza wanataka nini. Nungunungu akataja sababu kumi na moja za malalamiko yao, moja baada ya nyingine, kwa ufasaha. Tembo alizisikiliza zote kumi na moja. Kisha akauliza tena, kwa upole, wanataka nini. Hapo wakatazamana. Pelele akasema wanataka majina yasiitwe kabisa, kila mtu anywe apendavyo. Kobe akasema wanataka dimbwi la pili. Nungunungu akasema wanataka kwanza iundwe kamati. Wakaanza kubishana wao kwa wao, mbele ya mwenyeji, na Sange akiwa nyuma, zamu yake haijafika. Tembo akawaambia warudi siku watakapokuwa na neno moja.

Jioni ile mtoto mmoja wa Sange hakulia. Alinyonya kidogo, akaacha. Akalala na mdomo wazi. Sange alimlamba usoni, akamlamba tena. Akaona kuwa kesho ni siku, lakini kesho kutwa si ya kuahidiwa.

Asubuhi ya sita kikao kilifunguliwa. Nungunungu akaanza kueleza mapokezi waliyopewa na Tembo, na jinsi yanavyotia moyo. Sange akapanda juu ya kichuguu, tiki tiki tiki, akasimama mbele yake.

Nungunungu akashangaa. Akamwambia kwa upole, kama mlezi, "Mama Sange, utaratibu. Zamu yako bado."

Sange akasema, "Na kule dimbwini zamu yangu bado, Bwana Mwenyekiti. Niambie basi, nihamie wapi?"

Pelele akatazama kucha zake. Kobe aliingiza kichwa ndani, akakaa nacho humo. Miba ya Nungunungu, iliyokuwa imesimama siku zote hizo, ililala mmoja mmoja mpaka akaonekana nusu ya alivyokuwa.

Akashuka kichuguuni. Akasema, "Sema, mama."

Sange akasema. Hakusema mengi. Alisema kuwa wadogo wote wakinywa pamoja, dimbwi halijui kama limenywewa, maana hawaingii hadi magotini, hawachafui maji. Waitwe wao kwanza. Halafu wakubwa waitwe kama walivyoitwa siku zote, na hakuna hata mmoja atakayepungukiwa na kitu. Akaeleza na aliyoyasema Korongo. Alipomaliza, jua lilikuwa bado chini. Hakuna kikao cha chama kilichowahi kuwa kifupi hivyo.

Wakaenda kwa Tembo, safari hii kila mtu kwa mwendo wake. Kobe alisema atawakuta. Sange akasimama mbele ya mguu wa Tembo, mdogo kuliko ukucha wa mguu huo, akasema neno lake moja.

Tembo akalitafakari. Akasema haoni anachopoteza. Lakini Nyati, aliyekuwa amesimama pembeni, alikasirika.

"Mzee Tembo," akasema, "mimi ninywe nyuma ya Sange? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Majini," Tembo akamjibu. "Ndiko unakouweka siku zote."

Na Tembo akatikisa kichwa.

Sasa kazi ikawa kwa Korongo. Majina yalikuwa yamemkaa kifuani kama yalivyo, yameshikana kama shanga, na yale ya mwisho hayatoki mpaka ya kwanza yapite. Akasimama juu ya jiwe, akafumba macho. Akanong'ona Tembo, akanong'ona Kiboko, akanong'ona Nyati, akayanong'ona yote hadi chini, wanyama wote wakingoja. Mwisho akafumbua macho, akanyoosha shingo, akaita kwa sauti:

"Sange!"

Sange alikuwa nyuma kabisa, kwa mazoea. Ikabidi apite. Akapita kati ya miguu ya Ngiri, tiki tiki tiki. Akapita kati ya miguu ya Nyumbu, tiki tiki tiki. Akapita chini ya Nyati, naye Nyati akatazama juu, kama mtu anayechunguza mawingu. Akafika ukingoni. Maji yalikuwa maangavu, na chini yake vijiwe vilionekana kimoja kimoja. Hakuwahi kujua kuwa dimbwi lile lina vijiwe.

Akanywa. Akanywa. Akanywa. Kisha hakungoja kushangiliwa. Akakimbia moja kwa moja hadi kichakani, akalala ubavu, akamsogeza yule mtoto mnyonge kwanza. Mtoto akagusa. Akaacha. Akagusa tena. Akanyonya. Na alipomaliza maziwa ya upande huo, akalia kwa hasira akitaka ya upande wa pili. Sange hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

Kesho yake chama kilikutana kama kawaida. Nungunungu, mnyama wa haki, alikuwa amekesha akiwaza makosa yake, akatangaza utaratibu mpya: kuanzia leo, mdogo kuliko wote ataanza kusema. Wote wakashangilia. Ndipo Pelele akasema kuwa kwa kweli yeye ni mdogo kuliko anavyoonekana. Kobe akasema bila gamba yeye ni mdogo sana. Wakapimana, wakabishana, wakapimana tena, hadi Korongo akaita.

Sange hakuwapo. Alikuwa kwake ananyonyesha; aliposikia jina lake, akaenda, akanywa, akarudi kunyonyesha.

Basi wasikilizaji wangu, wakubwa kwa wadogo, funzo lake ni hili: anayetaka kunyoosha safu ya wengine, ainyooshe kwanza safu ya kikao chake, na anayetetea mnyonge, amwache mnyonge aseme mwenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye kiu akanywe, na mwenye lake la kusema aanze sasa.