Nakijwa na Mashimo Yasiyolala Tupu

Kaeni vizuri. Wewe, toa kidole puani, hadithi haiingilii huko. Nikiuliza "tuko wapi?" mjibu "kale!" Tuko wapi? Haya.

Hapo kale, kale yenyewe, milima ilipokuwa bado inahamahama na mbuzi wakiitwa wanaitika, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamsole. Watu wa Kwamsole walikuwa na mwiko mmoja: shimo likichimbwa, lisilale tupu. Walisema shimo tupu huita mtu, na akiitika, ndiye atakayelijaza. Kwa hiyo hata aliyechimba la nguzo alihakikisha nguzo imo kabla jua halijazama. Msicheke. Nyinyi mnaogopa paka.

Huko aliishi Nakijwa, mjane mwenye watoto wawili na jembe lililolika hadi likabaki kama kijiko. Mumewe alipofariki, shemeji yake Kiangi aligawa mashamba. Akajipa la tambarare. Nakijwa akapewa la mlimani, gumu kama kisigino changu.

"Shemeji," Kiangi akamwambia, "mimi si mtu mbaya." Mkisikia mtu anaanza hivyo, shikeni vitu vyenu. "Mavuno haya, ukikijaza kihenge chako cha nafaka, watoto wabaki nawe. Usipokijaza, wanahamia kwangu, wakachunge mbuzi."

Nakijwa akapanda mlimani. Akapiga jembe: ko! Akapiga tena: ko! Udongo ukakataa katakata. Akakaa juu ya jiwe, akawaza. Shamba zima silimudu, akajiambia. Basi nitalilima pale tu mbegu itakapokaa. Akachimba mashimo saba, mapana kama ungo, kina cha kufika kiwiko. Udongo akaulundika upande wa chini kuwa ukingo. Jua likaanza kushuka, na wifi yake Nakiete akapita na mzigo wa kuni. Alipoona, kuni chini!

"Yalaa! Mashimo saba! Wifi, unataka kumzika nani?"

"Mahindi, wifi."

"Jua hilo linazama! Yafukie!"

"Nishinde nachimba, kisha nirudishe udongo uleule? Una wazimu?"

"Basi tia kitu, chochote, kabla hatujaitwa wote!"

Nakijwa akatazama huku na huku. Mawe tu. Akashuka mbio hadi jikoni, akazoa kilichokuwapo: maganda ya ndizi, majivu, mavi ya mbuzi, majani makavu, mkeka uliooza. Akagawa shimo kwa shimo, akafunika kwa udongo kidogo. Jua lilipozama kila shimo lilikuwa na chake, na hakuna aliyeitwa.

Kesho yake akachimba, akajaza. Keshokutwa akachimba, akajaza. Chimba, jaza. Chimba, jaza. Siku ya nne taka za kwake zikaisha, lakini kijiji kizima kilikuwa kimepata mchezo.

"Nakijwa, mashimo yako yamekula?"

"Bado yana njaa, baba."

"Basi yape haya!" Wakamwagia maganda, pumba, mabua, huku wakishika mbavu. Kiangi mwenyewe akaleta vikapu kumi vya samadi ya zizini, akavimwaga puu! mlangoni. "Shemeji, walishe wageni wako!"

"Ahsante, shemeji. Kesho usichelewe."

Hakuchelewa. Mtu akipata cha kucheka huamka mapema kuliko anayekwenda kulima.

Mashimo yaliposhiba akapanda mahindi, mvua zikaja. Zilikuja tatu tu, kali, za kupita mbio, kisha jua likakaa. Katika mashamba ya wengine maji yaliteremka mtoni na kuondoka na udongo mzuri. Kwa Nakijwa yaliingia mashimoni, na taka zikayanywa zikayashika. Wenzake mahindi yalijikunja kama majani ya chai. Ya Nakijwa yalisimama, yakabeba, na kihenge kikajaa hadi mdomoni.

Kiangi alikuja na fimbo mbili fupi za kuchungia, tayari kwa watoto. Akaona kihenge.

"Hukukijaza wewe," akasema. "Samadi ni yangu. Kilichojaza kihenge hiki ni zizi langu."

"Na maganda yangu!" jirani mmoja aliyekuja kutazama akadakia.

"Na pumba zangu!"

Watoto wakamng'ang'ania mama yao kiunoni. Nakijwa akamkabidhi Kiangi jembe.

"Ni haki, shemeji. Mali ya mtu ni mali ya mtu. Twendeni mlimani, kila mmoja achukue chake, asiache hata ganda."

Wakapanda. Kiangi akafukua shimo la kwanza: udongo mweusi, laini, na minyoo minono. Samadi hakuna. Akafukua la pili. La tatu. Akainama, akanusa, akachambua kwa vidole, jasho likimtiririka hadi kidevuni. Alipofika la kumi, dada yake Nakiete akaangua kicheko.

"Kaka! Mashimo kumi wazi, na jua hilo linashuka!"

Kiangi akatazama jua. Akatazama mashimo. Hakuna aliyemsaidia. Alibeba samadi mbichi kutoka zizini kwake, kikapu kwa kikapu, akijaza mashimo ya Nakijwa, mpaka la kumi likashiba. Kisha akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kihenge chake kimejaa. Watoto wabaki kwa mama yao."

Msimu uliofuata hakuna aliyempelekea Nakijwa hata ganda moja. Kila mtu alikalia taka zake kama kuku juu ya mayai, na milima yote ya Kwamsole ikawa na madoadoa ya mashimo.

Funzo mnalitaka? Taka ya jikoni ni chakula cha shamba. Na anayekucheka, mpe kikapu abebe.

Kale imetuaga, mlango nimeufunga, komeo nimelitia. Inukeni sasa. Yale maganda ya viazi hayana miguu.