Bango Moja la Bi Mwanakombo

Acha kuperuzi kidogo, kaa hapo, usikie hii ya Mzee Shekidele wa Korogwe.

Mzee alikuwa anaishi peke yake, yeye na mabango. Ya maigizo, ya dansi, mengine ya tangu enzi za mkoloni. Ukutani yapo, uvunguni yapo. Ujanani alikuwa mwigizaji. Kikundi kilipovunjika, wenzake wakasambaa, yeye akabaki na makaratasi. Hata hodi hakuna wa kumpigia.

"Mzee, si uoe bango moja likupikie ugali!" muuza kahawa alikuwa anamtania.

"Bango halinuni, wewe."

Mwiko wake ulikuwa mmoja: habandui bango mpaka onyesho liishe.

Jumatano asubuhi akakuta bango jipya ukutani sokoni, limechorwa kwa mkono. Kikundi kimerudi! Jumamosi alasiri, ukumbi ule ule wao wa zamani. Na jina juu kabisa: Bi Mwanakombo. Yule aliyekuwa anaigiza mke wake, miaka thelathini nyuma.

Mara mbuzi huyo, anaramba kona. Mbuzi na uji wa ngano wa kubandikia, unawajua. Na wingu limetanda. Mzee akaona hapana, hili haliharibiki. Akalowesha kitambaa, akalibandua taratibu kama anamvua mtoto mgonjwa shati, akaenda nalo kwake.

Jumamosi kavaa koti lake la jukwaani, kawahi. Viti mia mbili. Aliyekaa, yeye tu.

Bi Mwanakombo akachungulia pazia, akatoka.

"Shekidele! Mume wangu wa jukwaani! Umenikumbuka wewe tu?"

"Nipo, Mwanakombo."

"Nilichora bango moja, kwa mkono huu unaotetemeka. Nikasema wakija watu, tunaendelea. Wasipokuja, naacha. Kumbe Korogwe imenisahau, kaka yangu."

Bango lenyewe lipo kwa mzee, safi, halina hata kunjo.

Bibi na wenzake wa kikundi wakaigiza mchezo wote, mwanzo mwisho, kwa mtu mmoja. Mzee akapiga makofi. Makofi ya mtu mmoja ukumbi mtupu, we acha tu.

"Haya, ndo nimeacha," bibi akasema. "Nisindikize stendi."

Funzo: Kitu kilichotengenezwa kuita watu, ukikifungia ndani kwa sababu unakipenda, utabaki peke yako, na uliyempenda atabaki peke yake.

Sasa wewe ndo ungekuwa mzee, njia nzima ya stendi, ungemwambia bango liko wapi, au ungenyamaza?