Jiwe Lililosogezwa Pembeni

Wapendwa, wakulima na wapanzi wa mahubiri yetu leo wapumzike, tumewachosha. Leo nina dada mmoja wa maabara, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mawe kwa mwanga usioonekana kwa macho.

Jiwe lake lilikuwa dogo kuliko chembe ya chumvi, na alilikuza mwenyewe kwenye tanuru miezi minane. Umeme ulikuwa haupiti ndani yake. Si kwamba elektroni hazikuwamo. Zilikuwamo tele, ila zimebanana kama sisi kwenye mabenchi haya: husogei mpaka jirani yako asogee, na jirani naye anamsubiri jirani yake. Dada akasema, "Nikilibana vya kutosha na kuligandisha vya kutosha, zitatembea." Wenzake walimcheka. Yeye akalibana kwa bolti katikati ya almasi mbili, akalishusha kwenye baridi ambayo friza yako ya samaki, mama, mbele yake ni jiko.

Sasa, mwanga ule una udhaifu mmoja: unyevu huumeza. Hata pumzi ya mtu huumeza. Ndiyo maana hupitishwa ndani ya sanduku lililojazwa hewa kavu, na juu ya mfuniko wa sanduku palibandikwa karatasi: USIFUNUE WAKATI WA KUPIMA. Aliyeiandika ni profesa, mkuu wa maabara, kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini mkubwa ni mkubwa, au siyo? Siku ya kipimo profesa alikuja, akafunua mfuniko, akaliinamia sanduku na miwani yake, akawa anahema na kuuliza maswali. Mchoro ulipotokea kwenye kompyuta ulikuwa umejaa mashimo, mahali ambapo mwanga umepotea.

"Binti, jiwe lako bovu," profesa akasema. "Ona madoa haya. Legeza bolti, litoe, tuweke la mwenzako."

Dada yule alijua gharama yake. Jiwe lililobanwa namna ile ukililegeza linapasuka, na miezi minane inakwenda arijojo. Tena aliogopa, msidhani hakuogopa. Aliyesimama mbele yake ndiye angeamua kama kesho atakuwa na kazi.

"Sifungui, Profesa."

"Unanikatalia mimi? Mtambo huu niliuleta hapa wewe ukiwa chekechea!"

"Shikamoo yako ipo palepale, Profesa. Lakini bolti hii siigusi. Tupime tena, uone mwenyewe."

Akazungusha kigurudumu kidogo ubavuni mwa sanduku, akabonyeza kitufe. Profesa akainama tena, na safari hii alihema zaidi, kwa sababu alikuwa amekasirika. Mchoro ukatoka. Mashimo yaleyale, mahali palepale, tena yamezidi kina.

"Si nilikwambia? Madoa yaleyale! Bado unabisha?"

"Profesa, jiwe halipo," dada akasema. "Nimelisogeza pembeni kwa kigurudumu hiki. Mwanga umepita mahali patupu. Hayo unayoyasoma ni pumzi yako."

Profesa aliisoma karatasi ya kwenye mfuniko, mwandiko wake mwenyewe, utadhani imeandikwa na mtu mwingine. Kisha akaufunga. Wakangoja saa nzima hewa ikauke, dada akalirudisha jiwe njiani, wakapima. Mashimo hayakuwapo. Na elektroni, wapendwa, zilikuwa zinatembea.

Mnacheka? Chekeni. Mimi nilipofika hapo kicheko kilinikauka.

Kwa sababu mwezi uliopita sisi tulimtoa mama mmoja kwenye kwaya. Tulisema yeye ndiye chanzo cha ugomvi. Hatukumuuliza neno, tukamsogeza pembeni. Leo ni Jumapili ya tatu hayupo. Nawauliza ninyi wenyewe: ugomvi umekwisha? Jana mazoezini hamkurushiana maneno mpaka mpiga kinanda akaondoka? Jiwe halipo, mashimo yametoka wapi?

Barua ya kumtoa niliisaini mimi. Nimehubiri hapa mara ngapi kwamba tusihukumiane? Karatasi ya mfuniko niliiandika mimi, na mfuniko nikaufunua mimi.

Na wewe uliyebanwa leo, nyumbani au kazini, unayeambiwa una madoa na watu wanaohema juu yako: usilegeze bolti ili kuwafurahisha. Sema sifungui. Sema kwa adabu, sauti ikitetemeka, lakini sema. Heshima haijawahi kumtaka mtu akubali uongo.

Ibada ikiisha nakwenda nyumbani kwa mama yule, kumwomba radhi na kumrudisha kwenye kwaya kwa mkono wangu. Mwenye neno la kunipinga na asimame sasa hivi, mbele ya wote. Ila kwanza abane pumzi.