Bei ya Jino la Faki

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Pakawa na jino!"

"Jino la nani?"

"La mtoto, linacheza kinywani!"

"Basi sogeeni motoni niling'oe."

Hapo kale, kale ambayo hata babu yangu aliisikia tu, panya ndiye aliyekuwa na kazi ya meno. Jino la mtoto liking'oka, mtoto husimama nje akalirusha juu ya paa, akasema: "Panya, panya, twaa la zamani, nipe jipya!" Panya hulitwaa, hulisaga, na kwa unga wake hufinyanga jino jipya. Kesho yake mtoto hukuta punje ya njugu mlangoni, ndiyo asante ya panya. Siku kidogo zikipita, fizi huwasha, na jino jipya hilo linachungulia.

Watu waliishi hivyo, bila maneno.

Sasa, kijijini palikuwa na tajiri wa mbuzi, jina lake Songoro, mwenye mtoto mmoja tu, Faki. Jino la kwanza la Faki lilipotoka, Songoro alimshika mkono.

"Usirushe! Jino la mwanangu kwa punje ya njugu?" Akasimama uani, akapaza sauti: "Panya! Ukilitaka, lete ushanga!"

Panya akakuna sikio. Hakuwahi kutajiwa bei. Lakini bila jino la zamani, jipya hafinyangi. Akaenda, akarudi na ushanga mwekundu. "Nimekuja, nimelipa, nimechukua."

Jino la pili likatoka. "Panya! Ushanga ni kidogo. Lete kauri!"

Panya akaenda, akarudi na kauri nyeupe. "Nimekuja, nimelipa, nimechukua."

Jino la tatu likatoka. "Panya! Kauri ni kidogo. Lete fedha!"

Panya akaenda. Safari hii alikawia. Akarudi na pete ya fedha, kaivaa shingoni, anahema. "Nimekuja. Nimelipa. Nimechukua."

Songoro akaifunga pete kitambaani, akaitia sandukuni. Hakuuliza imetoka wapi.

Habari hazikukaa, tangu ule ushanga wa kwanza. "Kwani wanangu mimi wana meno ya udongo?" wakasema wazazi wengine. Huyu akataka kisu, yule akataka kilemba. Panya akawa mbioni mchana kutwa kutafuta malipo, na meno mapya nani ayafinyange? Fizi za watoto zikakaa tupu. Faki mwenyewe, mapengo matatu mbele, nyama akawa anainyonya tu.

Na majumbani vitu vikaanza kupotea. Mmoja kapoteza ushanga. Mwingine kapoteza kauri. Mke wa Jumbe, mkuu wa kijiji, kapoteza pete.

Pete hiyo aliivua akiwa uani, akaiweka ukingoni mwa ungo, akaingia ndani kufuata chumvi. Aliporudi, pete hakuna. Aliyekuwepo uani ni Mashavu peke yake, mjane aliyetwanga mtama wa watu ili apate kula yeye na binti yake, Kidawa.

"Mashavu, pete yangu iko wapi?"

"Sijaiona, bibi."

"Ungo una miguu?"

"Wallahi sijaiona."

Jumbe akaitwa. Akasikiliza, akasema: "Kesho jua likifika utosini, pete iwe barazani. La sivyo, Mashavu, funga mzigo uhame."

Siku ile Mashavu hakuwasha moto. Alikunja mikeka, akafunga vyungu vyake katika kanga. Kidawa alimtazama tu, ulimi wake unasukuma jino lililolegea. Akalisukuma, akalisukuma, akalisukuma, hadi kulipopambazuka likamdondokea mkononi.

Akatoka nje. Hakutaja bei. Akalirusha juu ya paa. "Panya, panya, twaa la zamani, nipe jipya!"

Panya akatokea, amekonda, masharubu yamemlegea. "Wewe wataka nini? Ushanga? Kauri? Fedha?"

"Nataka jino."

"Jino tu?"

"Jino tu. Mama yangu anafukuzwa kwa ajili ya pete. Nitahitaji la kutafunia huko tuendako."

Panya akasimamisha masikio. "Pete ya fedha? Ya ukingoni mwa ungo?"

"Umeiona?"

"Nimeiiba," akasema panya, na machozi yakamtoka. "Mimi nina nini, mtoto? Nina shimo na mkia. Wakitaka fedha, nachukua ilipo. Iko sandukuni kwa Songoro."

Kidawa akakimbia. Akamkuta Faki nyuma ya zizi.

"Faki, pete mliyopewa na panya ni ya mke wa Jumbe. Mama anafukuzwa kwa sababu yake."

Faki akatazama chini. "Baba atanichapa."

"Huenda akakuchapa," akasema Kidawa. "Mimi mama yangu amekwisha kufunga mzigo."

Faki akageuka, akaingia zizini. Kidawa akarudi kwao, hajui kama amepata au amekosa.

Jua likafika utosini. Watu wakajaa barazani. Mashavu akaja, mzigo kichwani.

"Pete?" akauliza Jumbe.

"Sina, Jumbe. Sikuichukua."

"Basi, Mashavu..."

"Ngojeni!"

Faki huyo, anakuja mbio, ngumi ameibana. "Pete hii hapa! Ilikuwa thandukuni kwetu! Thiyo Mama Kidawa aliyeiba!"

"Faki!" akafoka Songoro. Lakini mke wa Jumbe amekwisha kuishika pete, anaigeuza, anaitambua.

Toka juu ya paa la baraza sauti ndogo ikasema: "Mtoto kasema kweli. Niliiba mimi. Nilileta kauri nikaambiwa ni kidogo."

Watu wote wakamgeukia Songoro. Songoro akamtazama mwanawe. "Nilitaka kumpandisha thamani," akasema taratibu, "kumbe nimemzidishia mapengo. Mama Kidawa, nisamehe."

Mashavu akautua mzigo. Akaketi palepale juu ya mzigo wake. "Kwanza niacheni nipumue," akasema. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha, akavuta nyingine. Mke wa Jumbe akapiga magoti mbele yake. "Nilikutuhumu mbele za watu. Nakuomba radhi mbele za watu."

"Nimekusamehe, bibi. Lakini kesho mtama wako utwange mwenyewe."

Baraza zima likacheka, na Mashavu naye akacheka.

"Sasa jino la mtoto ni kiasi gani?" akauliza Jumbe. "Tukate leo, tusigombane tena."

"Kuku!" akasema mmoja. "Pishi ya mtama!" akasema mwingine. "Mbuzi mdogo!" akasema wa tatu.

Kidawa akainua uso. "Panya, wewe unaweza kulipa kiasi gani?"

"Mimi sitaki kulipa," akasema panya. "Nataka kuleta meno."

Jumbe akakubali kwa kichwa. "Basi panya aachiwe meno. Zawadi itoke kwa mzazi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na isizidi kiganja."

"Kiganja cha mtoto, au cha baba yake?" akauliza Songoro.

"Cha mtoto!" wakajibu watu wote.

Jioni ile Mashavu aliwasha moto, akakaanga bisi za mtama, akamjazia Kidawa kiganja. Kidawa akala kwa upande mmoja, bisi nyingine zikimponyoka kwenye pengo, na mama yake akacheka mpaka akafuta macho. Hazikupita siku nyingi, fizi za watoto zikaanza kuwasha, na Faki akatafuna nyama.

Basi, wanangu, mtoto mpeni cha kumfurahisha, lakini kitoke kwenu. Mkitaka kikubwa kuliko mlicho nacho, jueni kuna mtu mahali fulani anatafuta chake hakioni.

Hadithi yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chachu, niachieni niitie asali. Na haya mapengo yangu msiniulize. Nimeyarusha meno juu ya paa mwezi mzima, panya ananijibu: "Mzee, fizi zako ni za uji."